Jiwe Lililoitwa Kandambili

“Tangazo kwa Bara zima, kwa visiwa vyake na maziwa yake, na kwa kila kiumbe mwenye shingo ya kuinulia kichwa. Sisi mashahidi wa Kituo cha Mlimawingu, tulioapa kusema tulichokiona na kunyamazia tusichokiona, tunaijulisha hadhara kwamba jioni hii jiwe jipya limeonekana mbinguni. Kwa haki tuliyopewa na sheria ya mashahidi, tunalipa jina. Jina lake ni Kandambili.”

Aliyesoma maneno hayo mazito alikuwa amevaa kandambili moja tu. Ya mguu wa kushoto ilikuwa ofisini kwa matroni, imefungiwa kabatini kama kielelezo cha mahakamani, kwa kosa la kupiga kelele verandani saa ya ukimya. Lusungu Chaula, mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekuwa na zamu ya redio, aliachia kitufe cha redio, akajiziba mdomo kwa mkono wa sweta, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Hapakuwa na jiwe. Darubini ya shule ilisimama nyuma yake chini ya shuka lake la vumbi, haijaguswa tangu chakula cha jioni. Namba za mahali jiwe “lilipoonekana” alizitoa kwenye tarehe ya kuzaliwa ya matroni, akaongeza idadi ya maharage yaliyokuwa kwenye sahani yake. Kwa kuwa alikuwa mzuri wa fizikia, alikokotoa pia namba za jioni zilizofuata, ili jiwe litembee kama mawe ya kweli yanavyotembea. Kitu pekee alichokisahau ni mwezi.

Alichokitaka kilikuwa kidogo na cha heshima. Alitaka kumsikia mtangazaji wa Mamlaka ya Anga, yule mwenye sauti ya mazishi, akitamka neno “kandambili” mbele ya taifa.

Na jina lenyewe hakulitunga. Kila bweni lina mzuka wake, na mzuka wa Mlimawingu ni Bi Kandambili, msichana asiye na uso anayepita kwenye korido akiburuza ndala moja. Hakuna aliyewahi kumwona. Lakini muulize msichana yeyote kama amemsikia, atakwambia amemsikia, tena atakuonesha kitanda alichokuwa amelalia. Lusungu naye alimsikia wiki yake ya kwanza shuleni, kwa sababu aliyelala kitanda cha chini alikuwa amemsikia.

*

Mtangazaji alitamka. Ilikuwa saa ya chai ya asubuhi, redio ya bwalo ikiwa wazi, na wasichana wa Mlimawingu walilaliana mabegani kwa kicheko. Mpishi aliuliza kuna nini, akaambiwa, akacheka mpaka akaegemea sufuria ya uji. Matroni peke yake hakucheka. Alimtazama Lusungu miguuni kwa muda mrefu.

Kisha taarifa iliendelea. Vituo vya Isumbilo na Mahanzi, alisema mtangazaji, navyo vimeliona.

Lusungu aliweka kikombe chini polepole. Mwenzake Atupele alimpiga kiwiko na kumwambia kwa kunong’ona kwamba sasa amekuwa nabii. Aliitikia kwa tabasamu. Alijua kilichokuwa kwenye darubini ile jioni ile, nacho kilikuwa vumbi. Hao wengine wawili walikuwa wameona nini?

Mashahidi watatu ndio sheria. Nchi iliipata sheria hiyo baada ya Jiwe la Nyika, lililoanguka Lusungu akiwa darasa la kwanza. Mamlaka ya Anga ililijua jiwe hilo wiki mbili kabla, ikalinyamazia ili watu wasitaharuki. Watu hawakutaharuki. Walikufa wakiwa wametulia, wengine sokoni, wengine wakianika mahindi. Baada ya hapo hakuna aliyetaka tena kuambiwa na Mamlaka kwamba anga ni shwari. Wananchi walichanga, wakanunua darubini, wakaziweka shuleni, makanisani, misikitini na kwenye ofisi za kata, kila moja na redio yake na mlinzi wake aliyeapishwa. Vituo vitatu vya wananchi vikisema jiwe lipo, basi lipo. Mamlaka haina ruhusa ya kubisha. Kazi yake ni kukokotoa litaangukia wapi, kuwahamisha watu, na kukiandaa Kisukumio, chombo kimoja tu kilichojengwa kwa miaka minane, kinachoweza kwenda kulisukuma jiwe litoke njiani.

Mashine ya kukokotoa haina ucheshi. Ilizipokea namba za matroni na za maharage, ikazipokea na zile zilizofuata, ikatoa jibu. Kandambili lingeangukia Bonde la Lyamuko.

Lyamuko ndiko kulikokuwa na nyumba ya bibi yake Lusungu.

*

Malori yalipita mbele ya lango la shule kwa siku kadhaa. Watu wa Lyamuko walikaa juu ya magodoro yao, na kuku wamefungwa miguu, na milango. Hiyo ndiyo Lusungu hakuisahau. Watu walikuwa wameng’oa milango ya nyumba zao wakaibeba, kwa sababu mbao ni mali, na nyumba ziliachwa midomo wazi. Mzee mmoja alifia juu ya lori kwenye mwinuko wa Mlimawingu, na lori lilisimama pale langoni huku wanawake wakimfunika. Wasichana waliimba wimbo wa kanisani. Lusungu alikuwa sauti ya pili. Macho yake yalibaki kwenye milango.

Jumapili ya kutembelewa hakuna aliyekuja kumwona, kwa hiyo aliomba ruhusa akaenda yeye, kwenye kambi iliyopigwa katika uwanja wa zamani wa ndege. Bibi Tulakela alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe mbele ya hema asilolipenda. Lusungu alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akakaa chini. Bibi alilalamikia maji ya kambi, akalalamikia choo, akaulizia masomo. Kisha akasema kwa sauti ya kujivuna kidogo kwamba wanamwita mjukuu wake kambini kote, msichana aliyewaokoa.

“Bibi,” Lusungu alisema, “na kama halipo?”

“Nini halipo?”

“Jiwe.”

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama chumvi ina chumvi. “Mwanangu, mimi nimeliona.”

“Kwa macho?”

“Kwa macho haya. Pale, juu ya kile kilima, jua likizama. Jekundu hivi. Linatetema. Wote hapa tunaliona.”

Watu wa mahema ya jirani waliitikia. Mama mmoja aliongeza kwamba juzi lilikuwa kubwa zaidi. Mwanamume mmoja alisema usingizini analisikia likija, linaburuza.

Lusungu aliaga mapema. Njiani, jua likizama, alijikaza asitazame juu ya kilima, na mwisho akatazama. Palikuwa pekundu kidogo. Palikuwa kama panatetema. Alishusha macho haraka, akatembea haraka, na nyuma yake barabarani akasikia kitu kikiburuzwa, hatua kwa hatua, kikienda kwa mwendo wake. Alisimama. Kikasimama. Alitazama miguu yake, akaona ukanda wa kiatu chake cha kulia umekatika.

Alicheka ili ajisikie akicheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

*

Mamlaka ilimtuma Daktari Nakiete Mbwambo kuzungumza na wananchi katika ukumbi wa Mlimawingu, kwa kuwa ndipo jiwe lilipozaliwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti lililolowa, aliyeendesha gari mwenyewe kutoka mjini, na hakuleta askari wala chupa za maji. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mezani pamoja naye waliketi mkuu wa shule, Mwalimu Tweve aliyekuwa mlinzi wa kituo, na Lusungu mwenyewe, aliyewekwa pale kama kombe la mashindano.

Daktari alisema Mamlaka imelitafuta jiwe hilo kwa darubini zake zote na haikuliona. Ukumbi ulinguruma. Alisema jioni ya taarifa ya tatu, mahali palipotajwa palikuwa karibu kabisa na mwezi mpevu, na nuru ya mwezi ingemeza kitu hafifu namna ile hata kwa darubini kubwa kuliko zote. Mtu wa nyuma alisimama akasema sasa mambo yamefunuka, maana hata Nyika waliwaficha, na safari hii wanalificha nyuma ya mwezi. Watu walimpigia makofi.

Daktari alisubiri makofi yaishe. “Kuhusu Nyika mnasema kweli,” alisema. “Nilikuwa kijana pale ofisini. Nililijua na nikanyamaza kama wenzangu. Ndiyo maana sasa hatuwezi kuwaambia hapana. Tukisema lipo, mnakimbia. Tukisema halipo, mnakimbia zaidi. Jumamosi tunarusha Kisukumio, kwa sababu sheria inatuamuru. Tukikirusha hatuna kingine kwa miaka minane. Na kwa mwezi mzima sasa kila darubini ya nchi hii imeelekezwa mahali pamoja. Kwingine kote hakuna anayeangalia.”

Halafu mama mmoja aliyefunga khanga ya msiba, binti wa yule mzee wa kwenye lori, alisema hataki hesabu. Anataka shahidi aseme. Alimgeukia Lusungu, akamwomba kwa upole, kama mtu anavyomwomba mtoto amsomee jina kwenye karatasi.

“Wewe mwanangu uliliona?”

Ukumbi wote ulimtazama. Akisema hapana, baba wa mwanamke huyu alikufa bure, na kila kituo cha wananchi nchini kitachekwa na kufungwa, na anga litarudi mikononi mwa watu walionyamazia Nyika. Akisema ndiyo, Kisukumio kitakwenda kuusukuma utupu.

“Niliona,” Lusungu alisema.

Makofi yalikuwa makubwa. Daktari Nakiete hakubisha. Aliinamisha kichwa, akaandika kitu kwenye kiganja chake kwa kalamu, kama wanafunzi wafanyavyo kabla ya mtihani. Mwalimu Tweve hakupiga makofi. Alikuwa ameingiza mkono mfukoni mwa koti na hakuutoa.

*

Watu walipotawanyika Daktari aliomba kuiona darubini. Walipanda watatu ngazi za kituo, Mwalimu Tweve akitangulia. Yeye ndiye aliyekijenga kituo kile, tofali kwa tofali, baada ya Nyika kumchukulia mke. Alikuwa mtu wa maneno machache na chaki nyingi, na wasichana walimpenda kwa sababu aliwakemea kwa kunong’ona.

Daktari aliizunguka darubini bila kuigusa. Alimuuliza Lusungu kama anajua kuangalizia.

Lusungu alisema hajui, kama kila mwanafunzi anavyosema.

“Mimi nilikuwa bingwa,” Daktari alisema. “Bweni kama hili, baridi kama hii. Na mwalimu wetu hakutukamata kwa majibu sahihi. Majibu sahihi yakifanana si ajabu. Alitukamata kwa kosa. Mtu mmoja akikosea kosa la kipekee, na wengine wawili wakawa nalo hilohilo, basi kuna mmoja aliyefanya mtihani na wawili walioangalizia.” Alimwonesha kiganja. Palikuwa na namba za jioni ya mwezi mpevu. “Isumbilo na Mahanzi wamenakili hata mwezi wako. Ila bado sijajua kama wewe ndiye uliyefanya mtihani. Labda nawe uliangalizia kwa mtu.”

Lusungu alijitayarisha kujibu. Majibu yalikuwepo, mazuri, yenye namba. Wakati anayapanga, Mwalimu Tweve alitoa mkono mfukoni. Kiganjani kulikuwa na lenzi ndogo nyeusi, ile ya kuchungulia, ambayo bila hiyo darubini ni bomba tu.

“Ilikuwa na ukungu,” alisema kwa kunong’ona. “Niliichukua kwenda kuisafisha nyumbani. Jioni uliyotangaza, Lusungu, ilikuwa mfukoni mwangu.”

Chini uwanjani watu wa mwisho walikuwa wakiondoka, wakiendelea kubishana.

“Kwa hiyo ulijua,” Lusungu alisema. “Tangu siku ya kwanza.”

“Nilijua wewe hukuona. Asubuhi nilikuja kukuadhibu. Nikasikia redioni Isumbilo wameona, Mahanzi wameona.” Aliigeuza lenzi kiganjani. “Nikafikiri labda umebahatisha. Labda lipo. Kisha Mamlaka ikasema halipo, na Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilitaka mara moja tu tuwe sisi tulioona, wao wawe ndio wasioona. Baadaye nilianza kuliona mwenyewe. Usiku nikifumba macho.”

Lusungu alilivuta lile shuka la vumbi kutoka kwenye darubini. Kwa mwezi mzima alikuwa akitoa taarifa bila kulifunua hata mara moja. Mkononi halikuwa na uzito wowote.

“Nilitaka tu wataje jina,” alisema. “Kandambili. Nilitaka yule bwana alitamke.”

Daktari Nakiete alikaa kwenye kigoda. Alionekana kutaka kucheka na hakuweza. Alisema hawezi kumlazimisha. Akimpeleka redioni akiwa ameshikwa mkono na Mamlaka, watu watasema ametishwa. Ama aseme mwenyewe kwa redio ya mashahidi, kabla ya Jumamosi, ama wote watatu wakae kimya na wategemee kwamba kule kwingine kusikoangaliwa hakuna kitu.

“Na vituo?” Mwalimu Tweve aliuliza. “Wakisikia mmoja aliwadanganya, nani ataviamini tena?”

“Sijui,” Daktari alisema. “Sisi tulijiuliza swali hilohilo kuhusu Mamlaka, wakati wa Nyika. Tuliulizana hivyo mpaka likaanguka.”

*

Ilikuwa saa ya taarifa ya jioni hiyohiyo, kabla ya prepo ya masomo ya usiku. Lusungu aliketi mbele ya redio na kandambili zote mbili miguuni, maana matroni alikuwa amemrudishia ya kushoto bila kusema neno. Wasichana walikuwa wamejaa ngazini kusikiliza, kama walivyofanya kila jioni tangu jiwe litokee. Mlangoni alisimama Mwalimu Tweve. Daktari alikuwa ameenda kukaa garini kwake ili asionekane karibu.

Lusungu alibonyeza kitufe. Maneno yote makubwa aliyoyajua, hadhara na bara na viumbe wenye shingo, yalimkimbia.

“Shikamooni,” alisema. “Hapa Mlimawingu. Mimi ni Lusungu Chaula. Sikuona jiwe. Sikuifunua darubini. Nilitunga namba, na jina nililitoa kwenye mzuka wa bweni letu. Ilikuwa mzaha. Watu wa Lyamuko wamehama kwa sababu yangu, na mzee wa watu amefia barabarani kwa sababu yangu. Kandambili halipo.”

Aliachia kitufe.

Redio ilikoroma. Kisha sauti ya mzee ilitoka, taratibu, ya Babu Ngailo wa Kituo cha Isumbilo, aliyewahi kufanya kazi posta na kuapishwa mbele ya kata nzima. Lusungu aliijua sauti hiyo kwa salamu za kila jioni.

“Marahaba, mjukuu wangu. Usiogope. Tunajua wamekulazimisha. Tumeliona gari lao likija huko. Sisi huku bado tunaliona.”

Mahanzi nao wakaingia wakasema wanaliona. Kituo kingine ambacho hakikuwahi kutoa taarifa yoyote kikasema kinaliona, tena kubwa kuliko jana. Sauti zilipandana. Nyuma ya sauti hizo, au labda ngazini, Lusungu alisikia kitu kikiburuzwa, taratibu, kama ndala moja kwenye sakafu ya saruji. Wasichana walikuwa wamesimama, hakuna aliyesogea. Alitazama chini. Miguu yake ilikuwa imetulia.

Alibonyeza kitufe tena.

“Babu Ngailo,” alisema. “Hakuna mtu wa Mamlaka hapa chumbani. Nipo mimi na mwalimu wangu. Sikuulizi kuhusu mwezi. Nakuuliza kitu kidogo. Ile jioni ya kwanza niliyotangaza, wewe ulitoka nje?”

Sauti nyingine zilikatika moja baada ya nyingine, kwa adabu, kumpisha mzee ajibu. Hakujibu. Redio ilivuma. Mwalimu Tweve alipita kati ya wasichana, akaichomeka lenzi mahali pake, akaigeuza darubini taratibu kutoka kule ilikokuwa imeelekezwa, kuelekea upande ambao kwa mwezi mzima hakuna aliyeutazama.

“Babu,” Lusungu alisema. “Mimi nimeshasema langu.”

Na sauti iliporudi haikuwa ya shahidi aliyeapishwa. Ilikuwa ya mzee aliye peke yake chumbani na redio.

“Mjukuu wangu,” alisema, “jioni ile kwetu kulikuwa na mvua.”